Kinanda Kisichopigwa

Lugha yetu husema kupiga kinanda, kama isemavyo kupiga ngoma na kupiga zumari. Kwa ala nyingi kauli hiyo haina dosari. Ngoma hupigwa, nyuzi za kanuni hudonolewa, na hata piano, ukiifunua kifuniko chake, utaona vinyundo vidogo vimejipanga safu vikingoja kuziangukia nyuzi. Ogani ya kanisani haimo katika hesabu hiyo. Kibao chake ukikigusa kwa kidole cha mtoto au ukikitwanga kwa ngumi, sauti itokayo ni ile ile, kwa kuwa kidole hakina kazi ila kufungua mlango ili upepo uingie katika bomba. Jambo hili nilifundishwa nikiwa na umri wa miaka kumi na minane, ugenini, katika mji mdogo wa mashariki ya Uingereza. Ilinichukua miaka mingine mitano, na msiba mmoja, kufahamu kwamba nilikuwa nimefundishwa jambo la ushairi.

Wasomaji wengi wa jarida hili, nadhani, wanalijua kanisa la Mkunazini kwa nje tu, kwa mnara wake na kwa habari za soko la watumwa lililokuwa mahali pale. Mimi nililelewa ndani yake. Jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa, na Askofu Edward Steere, mfasiri na mpiga chapa aliyelisimamia jengo lile, alifariki mwaka 1882 na kuzikwa humo humo, nyuma ya altare. Nilipokuwa mtoto wa kwaya nilikuwa nikipita karibu na kaburi lake bila ya kujua kwamba siku moja nami nitaumwa na ugonjwa uliomuuma yeye, yaani ugonjwa wa kuyahamisha maneno ya watu wengine. Ogani ya mabomba niliiona zaidi kuliko nilivyoisikia. Skuli yangu ya kwanza ya mahadhi haikuwa kanisani bali barazani kwa jirani, ambako redio ilikuwa ikifunguliwa usiku ili wazee wasikilize mashairi yakighaniwa, na asiyeweza kuhesabu mizani kwa vidole alihesabiwa kuwa bado mtoto. Niliweza kuhesabu mapema mno. Hapo ndipo ilipoanzia jeuri yangu.

Mwaka 1989 nilikwenda kukaa na shangazi yangu. Yeye alikuwa ameondoka Unguja mwaka 1965 kwenda kusomea unesi, akaolewa huko, akafiwa na mume, akabaki. Mchana nilifanya kazi katika dobi la hospitali, nikizikunja shuka zilizotoka kwenye mashine zikiwa moto kama mikate. Jumamosi nilimfuata shangazi kanisani, maana ilikuwa zamu yake kusugua vinara vya shaba. Kanisa lilikuwa la mawe, la kale, na baridi ya ndani ilishinda ya nje. Juu, kwenye roshani ya mbao, mzee mmoja mwembamba alikuwa akifanya mazoezi ya nyimbo za Jumapili. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na ndiye mpiga ogani wa kanisa lile. Nilisimama chini kwa wiki tatu nikimsikiliza. Wiki ya nne alinichungulia kutoka juu akaniuliza kama nina viatu vyembamba.

Sikuwa navyo. Nilikuwa na buti za kazi, na mtu hawezi kuichezea ogani kwa buti. Chini ya benchi la mpigaji kuna safu nyingine ya vibao, virefu, vya mbao, ambavyo huchezwa kwa miguu, na hivyo ndivyo vinavyozungumza na mabomba makubwa. Bomba la futi nane hutoa sauti nene ya mwanamume aliyetulia; la futi kumi na sita hushuka chini yake oktava nzima, sauti ambayo huisikii kwa masikio tu bali na kwa magoti. Kwenye ogani hiyo hiyo kuna vibomba vidogo kuliko kalamu ya risasi. Shangazi alininunulia viatu vyeusi vya ngozi laini, soli nyembamba, kisigino kimeinuka kidogo, akaniambia, "Mwanangu, hivi si vya kuendea madukani." Mwezi mzima wa kwanza mikono yangu ilikaa mapajani. Nilifundishwa kutembea: ncha, kisigino, ncha, kisigino, na macho mbele. Nikitazama chini, mzee alikuwa akiweka daftari juu ya mapaja yangu ili nisiione miguu yangu mwenyewe.

Sitasimulia yote niliyojifunza, maana mengi hayana utamu kwa asiyeyafanya. Kubadilisha vidole juu ya kibao kile kile kimya kimya ili sauti isikatike ni kazi ya kuchosha hata kuisimulia. Lakini kuna masomo mawili nitayaeleza.

La kwanza ni hili. Nilimuuliza mzee: ikiwa kibao hakisikii nguvu ya kidole, basi mpigaji huwajulishaje watu wapi pana mkazo? Wimbo hauwezi kwenda wote tambarare kama meza. Alinichezea sauti moja mara nne, na naapa nilisikia ya kwanza na ya tatu zikiwa na nguvu kuliko ya pili na ya nne. Nikamwambia amezipiga kwa nguvu. Akanicheka, akanionyesha. Zile sauti dhaifu alikuwa akiziachia mapema kidogo, kiasi cha kufumba jicho, na uwazi ule uliobaki ndio uliofanya sauti iliyofuata isikike imekanyaga. "Ukitaka sauti iwe na nguvu," alisema, "iibie ile iliyoitangulia." Nguvu yote ya mpiga ogani imo katika kimya. Na mwisho wa kila mstari lazima ainue mikono, kwa sababu upepo wa ogani hauishi ilhali wa waimbaji huisha, na mpigaji asiyewapa nafasi ya kuvuta pumzi atawaua.

Somo la pili lilikuwa la ukaidi. Katika kanisa lile mabomba yalikuwa mbali na waimbaji, na waimbaji mbali na mpigaji, na sauti huchukua muda kusafiri. Nilipoanza kuwapigia watu, nilizisikia sauti zao zikifika nyuma yangu, nikawangoja. Nao wakanisikia nimepunguza mwendo, wakapunguza. Nami nikapunguza tena. Wimbo wa beti tano ukawa kama jahazi lililokosa upepo mkondoni. Mzee alinikataza kuwasikiliza. Niende na hesabu yangu, wao watanifuata. Kwa kijana mgeni katika nchi ya watu, aliyekuwa akitazamwa kila aingiapo dukani, kuambiwa kwamba watu mia watafuata pumzi yake lilikuwa jambo geni sana. Si wote waliolipenda. Kulikuwa na mama mmoja katika baraza la kanisa aliyetaka kujua kwa nini nimekabidhiwa ufunguo wa roshani. Mzee hakumjibu, alichonga ufunguo wa pili akanipa na huo.

Nilipochoka alikuwa akinisimulia habari ya Johann Sebastian Bach. Mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka ishirini, mpiga ogani wa kanisa la mji wa Arnstadt, Bach aliomba ruhusa ya wiki nne akaenda Lübeck, mwendo wa kilomita zipatazo mia nne, na inasemwa aliukata kwa miguu, ili amsikilize mzee Dieterich Buxtehude. Wiki nne zikawa kama miezi minne. Aliporudi, wakubwa wa kanisa walimuita wakamhoji: kwanza kwa kuchelewa, pili kwa kuwa alikuwa akitia sauti ngeni katika nyimbo hata waumini wakachanganyikiwa. Mwalimu wangu aliipenda zaidi sehemu ya pili. Mimi niliipenda ya kwanza, kwa sababu nami nilikuwa nimeondoka kwetu kwa ruhusa ya mwaka mmoja, na sasa ulikuwa wa tatu.

Usiku, baada ya dobi, nilikuwa nikitunga na kufasiri. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na kamusi moja, vidole kumi, na yale niliyoyaokota barazani. Nilifasiri chochote kilichopita mbele yangu. Shangazi alikuwa msomaji wangu wa pekee. Alikuwa akisoma kwa sauti, akiwa amevaa koti ndani ya nyumba, na aghlabu alisema, "Ni kizuri, lakini hakijawa chetu." Nilidhani anasema hivyo kwa sababu ameishi Uingereza muda mrefu.

Mwishoni mwa mwaka 1993 aliugua, na yeye, nesi wa miaka karibu thelathini, alijua kabla ya madaktari. Aliniita akaniambia anataka Zaburi ya 23 iimbwe kwenye maziko yake kwa tuni iitwayo Crimond. Tuni hiyo huwa haikosekani katika maziko ya Waingereza. Ilienea sana baada ya kuimbwa katika harusi ya Bintimfalme Elizabeth mwaka 1947, na maneno yake ya Kiingereza ni ya kitabu cha zaburi cha Uskochi cha mwaka 1650. Lakini yeye aliyataka maneno kwa Kiswahili. "Nimezika wengi hapa kwa Kiingereza," alisema. "Mimi mnizike kwa kwetu."

Niliifanya kazi ile kwa siku nne. Mistari ya zaburi hiyo hupokezana mizani nane na sita. Nilihesabu. Nikaandika:

Bwana wangu hunichunga,
sitapata dhiki

na kuendelea hivyo hadi mwisho, nane, sita, nane, sita, bila ya silabi moja kuzidi wala kupungua. Nilimsomea. Safari hii alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Naam." Nilitoka chumbani mwake nikiwa na furaha ambayo mpaka leo naionea haya, maana alikuwa anakufa na mimi nilikuwa nimefurahi.

Tulimzika mwezi wa Februari 1994. Kulikuwa na theluji iliyokwisha kuwa tope. Niliketi kwenye ogani mwenyewe, sikukubali mzee anipokee. Kwa kuwa mabomba husinyaa sauti yake kwa baridi, ogani nzima ilikuwa imeshuka kidogo. Karatasi zenye maneno yangu ziligawiwa. Waingereza wale, wengi wao manesi wastaafu, waliyaimba maneno wasiyoyajua kwa adabu kubwa, herufi kwa herufi. Waswahili tulikuwa saba. Nilizisikia sauti zao ubeti wa kwanza; ubeti wa pili zikawa mbili; ubeti wa tatu hazikuwapo. Nilidhani wanalia.

Mmoja wao alikuwa mtu wa Wete, Pemba, aliyeishi London, Muislamu, mwana wa mama aliyekuwa akisifika kwa kusoma tenzi. Shangazi alimuuguza zamani, naye hakumsahau. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kofia yake juu ya goti. Baadaye, wakati wa chai, alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Weye ndiye uliyetunga?"

Nikamwambia ndiye.

"Mizani zimetimia, hapana la kusema. Lakini maneno yanatembea kwa visigino, ndugu yangu. Nimejaribu kukufuata, nimeshindwa. Umetuimbisha *bwaná wangú*. Nani huyo bwaná?"

Nilikasirika. Niliwaza kwamba mtu hasemi hayo siku ya maziko. Kisha nikapanda roshani peke yangu, nikaufunga mlango, nikaicheza ile tuni na kuyasema maneno polepole, na kila neno lilinisuta.

Mambo yenyewe ni mepesi, na msomaji apendaye ushairi ataniwia radhi nikiyaeleza kama aambiwaye mtoto. Neno la Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya kabla ya mwisho: *bwána*, *wángu*, *hunichúnga*. Yapange maneno hayo matatu katika kipande cha mizani nane, mikazo itaangukia silabi ya kwanza, ya tatu na ya saba. Hayo ndiyo mapigo ya utenzi: huanza kwa kukanyaga na humaliza kwa kuachia. Kiingereza cha zaburi ile huenda kinyume chake. Huanza kwa kuinua mguu na humaliza kwa kuukanyaga, na tuni imejengwa juu ya mwendo huo, hata mikazo yake huangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kwa hiyo hapakuwa na silabi hata moja katika mstari wangu wa kwanza iliyokaa mahali pake. Mstari wa pili vilevile. Nilikuwa nimeuvisha wimbo kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na kwa kuwa kilimtosha kwa urefu, nikadhani kimemfaa. Mizani huhesabu silabi. Haisemi ipi imekanyagwa. Wazee wa barazani hawakuhitaji kutuambia hilo, kwa sababu waliposoma sauti zao zilikanyaga penyewe.

Na shangazi? Yeye alisomewa, hakuimbiwa. Kinywani mwangu maneno yalikuwa sawa. Alikufa akiamini kwamba ataimbiwa kwa kwetu. Jambo hili nimeligeuza kichwani kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado sijui kama niliwahi kumtimizia au sikumtimizia.

Majuma machache baadaye nilikwenda London kwa yule mtu wa Wete, kwa nia ya kumshukuru, au pengine ya kubishana. Alikuwa akipika mchuzi wa samaki. Nilimpa karatasi yangu. Aliisoma mara moja kimoyomoyo, akapunguza moto, akaanza kuighani kwa sauti aliyoisikia kwa mama yake. Alipofika kwenye mstari wa mizani sita alisimama. "Huu una njaa," alisema. "Utilie mbili." Tukakaa pale jikoni tukaujaza:

Bwana wangu hunichunga,
dhiki zote huzitenga

na kadhalika, hata zaburi ikawa utenzi wa mizani nane nane, na kina kikapatikana. Alisema Zaburi ya Nabii Daudi ni kitabu hata kwao, na kwamba kukisaidia kisimame wima si dhambi.

Lililonishangaza ni namna alivyozimalizia sauti zake. Silabi ya mwisho ya kila kipande, ile yenye kina, aliivuta ndefu kuliko zote, lakini hakuikanyaga. Aliiacha ielee tu. Maisha yangu yote nimesikia tenzi zikisomwa hivyo na sikuwahi kuuliza ni ala gani iwezayo kulifanya hilo. Zumari huishiwa na pumzi. Udi na piano hupigwa, na kilichopigwa huanza kufa pale pale. Ogani ndiyo iwezayo kuivuta silabi isiyo na mkazo muda wote utakao bila ya kuipiga na bila ya kuiacha inyauke. Niliporudi nilimwambia mwalimu wangu. Akatafakari, halafu akatoa kabatini kitabu cha nyimbo za Kilatini akanionyesha ule wimbo wa kale wa misa ya wafu uitwao Dies irae: mistari mitatu mitatu, silabi nane nane, vina vitatu sawa, kila mstari ukianza kwa kukanyaga na kumalizika kwa kuachia. Niliuhesabu kwa vidole. Ulikuwa utenzi, umekosa kipande cha nne tu.

Siku ya arobaini ya shangazi haikuangukia Jumapili. Tulikuwa watu watano kanisani, na joto halikuwashwa kwa sababu hapakuwa na ibada. Mtu wa Wete hakuweza kuja, kazi ilimzuia. Mzee aliketi kwenye ogani akavuta kishikio kimoja tu, cha sauti laini ya futi nane, na akashusha mguu wa kushoto juu ya kibao kimoja cha chini na kuuacha hapo. Mimi nilisimama mahali paliposimama jeneza. Nilighani. Sina sauti nzuri. Kila nilipofika mwisho wa kipande yeye aliishika silabi yangu kwa mkono wa kulia, akaivuta, akaiachia kabla ya neno lililofuata, uwazi mdogo kama wa kufumba jicho, na neno likakanyaga. Hakuwa akijua hata neno moja la Kiswahili. Tulipomaliza aliniuliza kama amekosea mahali. Nikamwambia mahali pamoja, ubeti wa nne. Akaomba turudie.

Sikufanya mtihani wa wapiga ogani, ingawa alinihimiza. Nilirudi nyumbani mwaka 1996, na tangu hapo kazi yangu imekuwa ya karatasi. Bado nahesabu mizani, lakini kwanza natembea. Mke wangu husema nikiwa nafasiri husikia chini ya meza ncha, kisigino, ncha, kisigino, na akisikia nimesimama hujua nimekwama, huniletea chai. Viatu vile ninavyo. Soli ya kushoto imetoboka, na fundi wa Darajani niliyempelekea aliniambia viatu vya namna hii havitengenezeki, akaniuliza vilikuwa vya kuchezea dansi.